Pompe ya mazutu ya kamiyo: mbele ya kuibadilisha, hakikisha njo yenye ugonjwa

Kamiyo imebeba muzigo, inatoka Uvira, inapita Kamanyola, na ikianza tu kupanda Ngomo inapoteza nguvu. Shoferi anakanyaga pedali mpaka chini, moshi unatoka, lakini gari inatembea kama muzee mwenye fimbo. Wakifika garaji, neno la kwanza lenye linatamkwa ni moja: pompe. Kisha inafuata bei, na bei ya pompe ya injeksio inahesabika kwa mamia ya dola, hata kama ni okasio. Mwenye gari anakopa feza, pompe ingine inawekwa, na nyuma ya wiki mbili gari inarudi palepale na ugonjwa uleule.

Jambo hili linajulikana kwenye barabara zetu zote za mashariki, kuanzia RN5 ya Uvira na Bukavu, mpaka RN2 ya Goma, Butembo na Beni, mpaka RN4 yenye inashuka Kasindi. Nyanya na kabichi hazingoji fundi. Mama mwenye amepakia bidhaa zake juu ya gari ile anapoteza pamoja na mwenye gari. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna pompe inafanya kazi, namna ya kujua kama kweli imechoka, na mambo gani fundi anapaswa kufanya wakati anaibadilisha. Hauhitaji kuwa fundi ili ufuate. Inafaa tu ujue maswali ya kuuliza.

Kazi ya pompe

Motere ya mazutu haina buji za kuwasha moto. Hewa inakazwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mazutu inarushwa ndani na inawaka yenyewe. Pompe iko na kazi mbili: kupima kiasi cha mazutu, na kuirusha kwa saa yenyewe, si mbele, si nyuma. Inairusha kwa nguvu sana. Injekteri nyingi za motere za zamani zinafunguka kwenye bari 180 mpaka 250 hivi, wakati tairi ya kamiyo inajazwa bari 7 ao 8 tu.

Kwenye makamiyo yetu mengi, kama vile Fuso yenye motere ya silinda 6, pompe iko ya mustari: kila silinda na kipistoni chake kidogo ndani ya pompe. Tangu Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza pompe za aina hii kwa wingi mwaka wa 1927, musingi wake haukubadilika sana. Vipistoni vinasukumwa na muti wenye makamu, kama zile za supapi. Mwendo wa kipistoni hauongezeki wala haupunguki. Chenye kinabadilisha kiasi cha mazutu ni kijiti chenye meno, mafundi wanakiita kremayeri, chenye kinazungusha vipistoni vyote pamoja. Shoferi akikanyaga pedali, regilateri inasukuma kremayeri. Pompe inazunguka nusu ya mwendo wa motere: motere ikizunguka mara 1500 kwa dakika, kila kipistoni kinarusha mazutu mara 750.

Kuna aina ya pili, pompe ya kuzunguka, yenye iko kwa mufano kwenye Land Cruiser zenye motere 1HZ na kwenye magari mengi madogo ya muzigo. Ile iko na kipistoni kimoja kwa silinda zote, na inapakwa mafuta na mazutu yenyewe. Ni ndogo, haina uzito mukubwa, lakini maji na muchanga vinaiua haraka kuliko ile ya mustari.

Nafasi kati ya kipistoni na nyumba yake ni milimeta 0,002 mpaka 0,004 hivi. Unywele wa mutu ni munene mara nyingi kupita pale. Ukishika hesabu hii, utaelewa juu ya nini tunarudiarudia neno usafi katika habari hii yote.

Magonjwa yenye yanajifanya kuwa ya pompe

Hapa njo feza nyingi zinapotea. Mbele mazutu ifike kwenye pompe ya injeksio, inatoka ku tanki, inapita tiyo, inavutwa na pompe ndogo ya kuvutia, inapita filtri. Kila mahali pale panaweza kuzibika ao kuingiza hewa, na shoferi atasikia kitu kimoja: gari haina nguvu.

Anza na tanki. Kifuniko cha tanki kiko na kitundu cha kupumua. Kikizibwa na matope, mazutu inatoka lakini hewa haiingii, na kiisha saa moja ao mbili za mwendo motere inazimika. Unangoja, inawaka tena, unaenda kidogo, inazimika. Wakati mwingine kama hivyo, fungua kifuniko pole: ukisikia hewa inavutwa ndani kwa sauti, umepata ugonjwa, na dawa yake ni sindano ya kuzibua. Haina bei.

Kisha filtri. Kwenye barabara zetu za vumbi, na mazutu yenye tunanunua mara nyingi kwa bidoni, kilometa zenye zimeandikwa ndani ya kitabu cha gari ni nyingi mno. Filtri ibadilishwe mbele ya pale. Watu wengi wanabadilisha filtri kubwa na kusahau kichujio kidogo chenye kiko ndani ya bulo ya kuingilia ya pompe ya kuvutia. Ni kidogo kama kofia ya kalamu. Kikijaa uchafu, kamiyo inatembea vizuri bila muzigo na inashindwa mulimani, kwa sababu kule njo inaomba mazutu nyingi.

Hewa nayo inadanganya sana. Tiyo ikipasuka kidogo upande wa kuvuta, mazutu haitamwangika chini. Hewa njo inaingia, na hautaona alama yoyote nje. Fundi mwenye akili anaweka tiyo ya plastiki yenye kuonekana ndani, kati ya filtri na pompe, na kutazama kama mapovu yanapita wakati motere inazunguka. Asubui gari inakataa kuwaka mpaka upige pompe ya mukono mara makumi: fikiri hewa kwanza.

Kuko tena supapi ndogo ya kurudisha mazutu, kwenye pompe ya mustari. Kazi yake ni kushika presio ndani ya pompe. Rasoro yake ikiregea, presio inashuka na vipistoni havijazi vizuri. Kamiyo nzima inaonekana kuzeeka juu ya rasoro ya urefu wa kidole kimoja. Tungependa kila fundi aangalie pale mbele ya kutamka bei ya pompe.

Na kwenye pompe ya kuzunguka, tazama elektrovani, ile yenye inafungua mazutu ukizungusha funguo. Waya ikikatika ao batri ikiwa zaifu, mazutu inabaki imefungwa, na pompe nzima inaonekana imekufa. Washa kontakti, gusa elektrovani na waya yake: inapaswa kulia tiki. Kwenye kamiyo kubwa, angalia kama kamba ya kuzimia haikubakia imevutwa.

Njia moja inapita zote kwa kukata mabishano. Chukua bidoni safi, weka mazutu safi yenye umeona na macho yako, uifunge juu kuliko pompe, na uunge tiyo fupi safi moja kwa moja kwenye filtri mupya. Endesha hivyo kidogo, mahali pa usalama. Kama motere inapata nguvu yake yote, pompe haina kosa. Ugonjwa uko nyuma, kati ya tanki na filtri. Kazi hii inakamata nusu saa.

Alama zenye zinaonyesha kweli pompe

Pompe nayo inachoka, hatukatai. Alama ya kwanza ni gari yenye inawaka vizuri asubui na kukataa ikiwa moto. Mazutu ya moto inakuwa nyepesi, inapita kando ya vipistoni vyenye vimelika, na demareri haizungushi kwa mbio ya kutosha. Zima motere, funika pompe na kitambaa chenye maji baridi, ngoja, jaribu tena. Ikiwaka, vipistoni vimelika. Usimwange maji baridi juu ya pompe ya moto yenye inazunguka, inaweza kukwama.

Alama ya pili: mafuta ya motere yanapanda badala ya kushuka, na yananuka mazutu. Pompe nyingi za mustari zinapakwa na mafuta ya motere, na mazutu yenye inavuja ndani yake inashukia humo. Usiendelee na safari, kwa sababu mafuta yenye yamechanganyika na mazutu hayashiki tena kwenye kusineti. Lakini hata hapa, angalia kwanza pompe ya kuvutia, yenye inaweza kuvuja vilevile.

Motere yenye inapanda na kushuka yenyewe bila kuguswa pedali inaweza kuwa regilateri, ao hewa. Toa hewa kwanza.

Kuhusu moshi, watu wanasema mengi. Mweusi ni mazutu nyingi ao hewa kidogo: filtri ya hewa, turbo, injekteri yenye inatonatona, kisha pompe. Mweupe wenye unachoma macho ni mazutu yenye haikuwaka: saa ya kurusha imechelewa, maji ndani ya mazutu, ao silinda haikazi tena. Wa bluu ni mafuta ya motere, na hapo pompe haina neno.

Hapa kuna jambo la kwetu hasa. Uvira iko pembeni ya ziwa Tanganyika, kwenye metre 770 hivi juu ya bahari. Ziwa Kivu liko karibu metre 1460, na Lubero inapita pale. Kadiri unapanda, hewa inapunguka. Motere isiyo na turbo yenye pompe yake ilipimwa chini itatoa moshi mweusi juu, bila ugonjwa wowote. Mashoferi wengi wanaomba fundi afungue visi ya mwisho ili aongeze mazutu, eti ipate nguvu. Hewa haikuongezeka, mazutu ya zaidi inakuwa moshi na joto, na joto lile linachoma pistoni. Visi ile imefungwa na plombe kwa sababu. Mutu asiye na banki ya kupimia asiiguse.

Na silinda moja ikikosa? Kwenye motere za zamani, fundi analegeza kidogo nati ya kila injekteri, moja moja, motere ikiwa kwenye mwendo wa chini. Ile yenye ukiilegeza sauti haibadiliki, njo yenye haifanyi kazi. Kisha abadilishane injekteri ile na ya jirani. Ugonjwa ukihama pamoja na injekteri, ni injekteri. Ukibaki palepale, inaweza kuwa pompe, tiyo, ao silinda yenyewe haikazi.

Mazutu yenye inarushwa na pompe inapenya ngozi. Tundu ni kadogo kama la sindano, mwanzoni haliumi sana, na mutu anaendelea na kazi. Ndani, nyama inaanza kuoza. Fundi wengi walikatwa vidole hivi, duniani kote. Usipitishe mukono kutafuta mahali panapovuja, tumia karatasi ngumu. Kama imekuingia, nenda hospitali saa ileile, na mwambie munganga wazi kwamba ni mazutu ya presio, si kidonda cha kawaida.

Kama lazima ibadilishwe

Pompe ikitolewa, itumwe kwanza kwenye banki ya kupimia, hata kama banki iko ku muji mwingine. Kule inazungushwa, na mazutu ya kila kipistoni inamwangwa ndani ya chupa ndogo zenye alama, zikilinganishwa. Mara nyingi inatosha kubadilisha vipistoni na supapi zake. Injekteri nazo zipimwe safari ileile. Pompe mupya juu ya injekteri zenye zinatonatona ni feza imetupwa.

Ukinunua okasio, nenda na namba yenye iko kwenye kipande cha chuma pembeni ya pompe yako, na usome mpaka herufi ya mwisho. Pompe mbili zinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kwa upande wa kuzunguka, kwa regilateri, ao kwa kiasi cha mazutu. Tumia simu yako, piga picha ya namba, na picha ya tiyo zote mbele fundi aziguse.

Kazi inaanza na kuosha. Pompe, tiyo na pembeni yote zioshwe na kukauka mbele ya kufungua nati ya kwanza. Kisha fundi anazungusha motere na mukono, kwa upande wake wa kawaida, mpaka silinda ya kwanza iwe kwenye mwendo wa kukaza na alama ya injeksio ya puli ao ya vola ilingane na kidole chake. Supapi mbili za silinda ya kwanza ziwe zimelegea. Kwenye motere ya silinda 6 yenye inawaka kwa mustari wa 1-5-3-6-2-4, zile za silinda ya 6 ziwe zinabadilishana. Hapa njo kosa kubwa linafanyika. Alama ya puli inafika juu mara mbili kwa kila kurusha kumoja kwa mazutu. Fundi akikamata ile ya kutoa moshi, pompe itarusha saa ya uongo kabisa, na motere itatoa moshi mweupe tu ao kukataa kuwaka.

Anachora pia alama kati ya pompe na mahali inafungiwa. Akifungua tiyo za presio, anashika na kle ya pili kile chenye nati imefungiwa juu yake, kisizunguke. Kila tundu lifungwe na kifuniko ao plastiki safi, si kitambaa, kwa sababu nyuzi zake zinaingia. Tiyo zile zisikunjwe wala zisibadilishwe na za urefu mwingine: zimetengenezwa sawasawa ili kila silinda ipate mazutu kwa wakati wake.

Pompe ingine inajazwa mafuta mbele ya kufungwa, kama ni ile ya kupakwa na mafuta ya motere. Wengi wanasahau, na pompe inaanza maisha yake mupya ikiwa kavu. Alama zake zinalinganishwa, inafungwa bila kukazwa kwa nguvu, kisha kunakuja kalaji yenyewe.

Njia ya zamani ya kukale ni ya matone. Supapi ya kutolea na rasoro yake zinaondolewa kwenye silinda ya kwanza, tiyo fupi iliyopinda inawekwa, kremayeri iko upande wa kazi na si upande wa kuzima, mazutu inashuka yenyewe kutoka bidoni. Motere inazungushwa polepole na mukono. Mazutu inatiririka, inapunguka, inakuwa matone, inakatika. Pale inapokatika, njo kurusha kunaanza, na alama ya puli inapaswa kuonyesha namba ya digri yenye imeandikwa kwa motere ile. Namba hii isomwe kwenye kibandiko ao kitabu cha gari. Fundi asiichukue kwa kichwa, kwa sababu motere mbili za familia moja hazina namba moja. Kama haiko sawa, pompe inageuzwa kidogo: kuigeuza kinyume na upande wa muti wake inafanya irushe mapema, kuigeuza pamoja nao inachelewesha. Mapema sana, motere inagonga kama nyundo na presio inaumiza pistoni. Kuchelewa sana, inakosa nguvu, inatoa moshi na kupata moto.

Kiisha pale, hewa itolewe kwa mupango: visi ya filtri kwanza, kisha visi ya pompe, ukipiga pompe ya mukono mpaka mazutu itoke bila mapovu, mwishoni nati za injekteri, demareri ikizunguka. Demareri isipite sekunde 15 kwa mara moja, iachwe ipoe. Kuvuta kamiyo na gari ingine ili ifukuze hewa ni kuumiza pompe kavu.

Saa ya kuwasha kwa mara ya kwanza, mutu mmoja asimame karibu na mulango wa hewa, filtri ikiwa imeondolewa, na ubao wa kutosha kuziba tundu lile. Kremayeri ikikwama upande wa kujaa, motere itapanda mwendo yenyewe mpaka ipasuke, na funguo haitaizima kila mara. Kuziba hewa njo kunaizima. Ubao, si mukono.

Mazutu ya bidoni

Mazutu yetu inasafiri mbali, kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na inabadilisha vyombo mara nyingi mbele ya kufika kwa kadafi wa kando ya barabara. Maji yanaingia, hasa musimu wa mvua, na wengine wanachanganya na petroli ya taa. Petroli ile inawaka, lakini haipaki vizuri, na pompe ya kuzunguka inalika nayo. Jaza chupa yenye kuonekana ndani, iache itulie: maji na uchafu vitashuka chini. Kama hauna namna ingine ila bidoni, iache isimame usiku muzima na usimwange vidole viwili vya mwisho. Kujaza tanki magaribi, mbele ya baridi ya usiku, kunapunguza maji yenye yanajifanya ndani ya tanki tupu. Na visi ya kutolea maji chini ya filtri iko pale ili ifunguliwe, hata kila asubui.

Makamiyo ya kisasa yenye kompyuta iko habari ingine. Actros, tangu ilitokea mwaka wa 1996, ilikuwa na pompe moja kwa kila silinda. Zingine ziko na reli moja ya presio kwa injekteri zote, yenye inapita bari 1000. Kwa hizo, mambo ya kulegeza nati ili kusikiliza silinda ni marufuku kabisa, yanaweza kuua mutu. Zinapimwa na aparee ya kusoma makosa, na fundi asiye nayo aseme tu kwamba hana.

Pompe ya zamani ikitolewa, ni mali yako, hata ikiwa mbovu. Idai, pamoja na vipistoni vyenye vilibadilishwa. Nyuma ya siku chache za kazi, rudisha gari ku garaji ili nati ziangaliwe tena, na kila asubui ya wiki ile ya kwanza vuta kijiti cha mafuta ya motere, unuse.